Mwezi wa Mama Nilioufumua

Jumatano, Ramadhani pili, baada ya alasiri.

Upepo umekatika tangu adhuhuri na joto limekaa juu ya Lindi kama mgeni asiyejua kuaga. Swaumu ya pili ndiyo inayouma. Ya kwanza mtu unaibeba kwa ushujaa, ya pili ndipo unapokumbuka kwamba zimebaki ishirini na kitu. Nimekaa barazani na daftari. Haya nitayachapa kesho kule kafe, umeme ukiwapo, kwa hiyo wewe utakayesoma utanisoma nikiwa nimeshajua mwisho wake. Mimi hapa nilipo bado siujui.

Mama hasemi nami. Leo siku ya tatu.

Si kwamba amenyamaza kabisa. Anaongea, ila anaongea na paka. Jana kwenye futari alimwambia, "Paka, mwambie mwalimu muhogo haujaiva." Mwalimu ni mimi. Nafundisha sayansi kimu hapa sekondari, na tangu nianze kazi hiyo mama akitaka kunichoma huniita kwa cheo changu. Na muhogo ulikuwa umeiva, paka ni shahidi.

Lakini nastahili. Ngoja niandike nilichokifanya, nikiandike chote, maana toka Jumatatu nimekuwa nikijisimulia vipande vile tu vinavyonipendeza.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: kwa karibu mwaka mzima sasa nadarizi picha za safari za anga kwa mtindo wa zamani. Roketi, setilaiti, watu waliovaa kioo kichwani. Sizichori kama wanavyochora siku hizi kwenye kompyuta, vitu vya kung'aa na kumetameta. Nazishona kwa mkono kama yalivyoshonwa mashuka ya mama zetu. Unayakumbuka? Kitambaa cheupe cha marekani, tausi wawili wametazamana, maua kwenye pembe nne, na chini kwa uzi mwekundu: Lala Salama. Bibi harusi haingii nyumbani kwake bila mawili matatu. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaja kwa marobota, na baada ya mitumba yakaja mablanketi ya manyoya yenye picha ya chui. Nani tena akae miezi minne anashona tausi? Silaumu. Hata mimi ninalo la chui, na lina joto.

Ila tausi niliwakosa.

Basi mwaka jana mama alipohama kijijini kwetu Miteja kuja kukaa nami, alikuja na sanduku lake la bati. Tulipolifungua kupiga jua nguo, chini kabisa, chini ya kanga za msiba, kulikuwa na shuka moja lililokunjwa ndani ya karatasi ya saruji. Nikalikunjua. Nikakaa chini.

Lilikuwa na mwezi. Mwezi mkubwa wa uzi wa manjano, umelala chali kama bakuli, na ndani ya bakuli wamekaa watu wawili. Vichwani wamevaa chimni za taa. Nasema kweli, chimni zile za taa ya mafuta, nyembamba juu na zenye tumbo katikati. Pembeni roketi imesimama, na roketi yenyewe ni mchi wa kutwangia wenye moto chini. Tausi wapo, mmoja kila upande, wanatazama juu wala hawatazamani. Na kule chini, kwa uzi mwekundu: Safari Njema.

Nilimuuliza mama ni nini hiki. Akasema kwa haya kidogo, kama msichana aliyefumwa anajitazama kwenye kioo, "Mwaka ule watu walipofika mwezini. Mwenye duka alikuwa na redio. Tukaambiwa wamefika, wamevaa nguo nene nyeupe na vichwani wamevaa kioo. Basi. Mengine nikajaza mwenyewe."

Hakuwa ameona picha hata moja. Kioo pekee alichokijua cha kumtosha mtu kichwani kilikuwa chimni ya taa yake.

Sijawahi kuguswa na kitu kama nilivyoguswa siku ile. Hapo Miteja, kwenye nyumba ya udongo, mwanamke kijana amesikia dakika tano za redio dukani akaenda kujaza mbingu nzima kwa sindano. Mimi nina cheti cha ualimu, nina kamusi, nina saa moja ya intaneti kila Jumamosi, na sikuwahi kushona kitu chenye ujasiri wa namna ile.

Ndipo nikaanza vya kwangu. Nilianza na foronya, nikaingia kwenye vitambaa vya ukutani. Nyuzi mpya zinang'aa mno, kwa hiyo nazichemsha kwenye maji ya majani ya chai kisha nazianika juani siku tatu, zinatoka na ule upole wa vitu vya zamani: chungwa lililopauka, kijani cha chupa, samawati ya sare iliyofuliwa sana. Nimeshona roketi inaondoka kati ya maua ya asumini. Nimeshona setilaiti na chini yake jogoo anaishangaa. Nilitaka kumshona na yule mbwa aliyepelekwa angani wa kwanza kabisa, mama akakataa katakata, mbwa hakai mahali mtu anapolaza kichwa. Nikamwacha mbwa.

Picha za vitambaa vyangu nimekuwa nikizibandika hapa, mnajua. Mwezi uliopita akaniandikia dada mmoja wa Dar es Salaam anayeandaa maonyesho ya kazi za mikono. Anataka vitambaa vyangu vitano. Na lile shuka la mama, nililomsimulia, ndilo litakalokaa katikati. Ametuma gari lenye shughuli zake Mtwara, litapita hapa kesho Alhamisi asubuhi kuchukua mzigo.

Sasa dhambi yenyewe.

Barua ya yule dada ilinifurahisha siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuona haya. Nililitandika shuka la mama kitandani nikalitazama kwa macho ya mtu wa Dar, na nikawasikia wanacheka. Chimni za taa niliona zinachekesha vizuri, hizo zibaki. Roketi ya mchi, nayo ibaki. Ila mwezi ulinitia aibu. Mwezi gani unalala chali? Nikaenda maktaba ya shule nikachukua kitabu kikubwa cha anga, cha zamani, kilicholetwa kwa msaada kutoka Ulaya. Mwezi mwembamba umesimama wima kama sikio la mtu. Nikaangalia kalenda ukutani: umesimama. Kadi za Idi za mwaka jana: umesimama. Kila mahali umesimama isipokuwa kwa mama yangu.

Kusini tumechekwa vya kutosha. Tukifika Dar tunaulizwa kama tumekuja kwa miguu. Nikasema mama yangu hatachekwa mbele ya watu kwa kutojua hata mwezi unakaaje.

Nikachukua mkasi mdogo nikaufumua.

Nilifumua mwezi wote, na watu wote wawili, maana wasingeweza kubaki wamekaa hewani. Nyuma yao, ndani ya bakuli, kulikuwa na duara la uzi wa rangi ya majivu, mshono mwepesi mwepesi usioeleweka. Nilidhani ni moshi, au mahali mama alipofunika doa. Nalo nikalifumua. Nilikuwa navuta nyuzi haraka kama mtu anayechambua kisamvu, akili yangu iko kwenye kazi mpya. Kisha nikashona mwezi wangu, umesimama wima, safi, kwa kufuata kitabu, na watu wangu wawili wamesimama kando yake wamenyooka. Nilikuwa najiona nimefanya wema. Nilikuwa hata nimepanga kutomwambia, ili asijisikie vibaya kwamba alikosea.

Jumatatu ilikuwa siku ya kuvunja jungu. Nyumba imejaa harufu ya pilau, majirani wanapita kuombana radhi kabla ya mfungo. Magharibi watu wakatoka kuutazama mwezi. Mimi sikutoka, nilikuwa jikoni, na kusema kweli mwezi siku zote nausikia redioni kama watu wengine. Mama alitoka. Wakauona, wakashangilia, na yeye akiwa na furaha hiyo akakumbuka shuka lake. Akaingia ndani kulichukua ili amwonyeshe jirani.

Macho ya mama ya karibu yamekwisha, mbali ndiko anakoona. Kwa hiyo alilipapasa. Niliona vidole vyake vinatafuta, vinakwenda kulia, vinarudi, vinapanda. Vikasimama.

"Nani kawamwaga watu wangu?" akasema.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri kabisa, kwa sauti ya darasani, nikamletea na kitabu. Mwezi haulali, mama. Tazama hapa. Picha imetoka kwa hao hao wenye roketi.

"Umewamwaga watu wangu," akarudia. "Mwezi ukikaa hivi watu si wanamwagika?"

Baadaye, wakati kila mtu anasamehewa kila kitu, nami nikaenda kuomba radhi. Akanipa mkono. Akasema, "Mimi nimekusamehe. Hao uliowamwaga waombe mwenyewe." Tangu hapo anaongea na paka.

Sasa nifanye nini? Gari linakuja kesho. Nimejisemea mara mia kwamba niko sahihi, na mtu aliye sahihi hatakiwi kukosa usingizi. Kwa hiyo leo nimekwenda kwa Mwalimu Hamisi, jirani yetu wa upande wa pili wa ua, anayefundisha jiografia, nikaazima darubini ya shule. Mwezi leo una siku tatu, utakuwa mkubwa wa kutosha. Tukishafuturu nitamtoa mama nje nimwonyeshe kwa jicho lake mwenyewe.

Ukaidi naujua nimeutoa wapi. Adhana haiko mbali, acha nikaangalie uji.

*

Jumatano hiyo hiyo, baada ya futari.

Nimeumbuka.

Sijui nianzie wapi. Tulifuturu, tukaswali. Mwalimu Hamisi akaja, akamsalimia mama, "Shikamoo mama," akajibiwa marahaba nzuri yenye tabasamu ambayo mimi sijaiona siku tatu. Tukatoka uani. Mama akabaki mlangoni, mikono nyuma, paka miguuni.

Nikageukia magharibi, juu ya vilima, mahali ambapo anga lilikuwa bado na wekundu kidogo.

Ulikuwa umelala.

Ulikuwa umelala chali, ncha zote mbili juu, bakuli kabisa, bakuli la uji. Nilisimama pale nikiwa nimeshika darubini kifuani kama mjinga. Nina watoto wawili wakubwa, nimeuona mwezi tangu nazaliwa, na sikuwahi kuuangalia hata mara moja. Nimeutazama kwenye kadi, kwenye kalenda, kwenye kitabu kilichotoka mbali, nikaziamini karatasi kuliko kitu kinachoning'inia juu ya paa langu kila mwezi.

Nikamuuliza Mwalimu Hamisi mbona kitabu kinasema vingine. Akasema kitabu hakijakosea. Waliokichora wanaishi kaskazini ya mbali, na wao huko wanauona umesimama. Sisi huku karibu na katikati ya dunia tunauona umelala. Mwezi ni ule ule, akasema, ila kila mmoja anautazama kutoka pale aliposimama.

Halafu nikainua darubini.

Sitaweza kuandika hili vizuri, najua. Nilitegemea kuona bakuli kubwa zaidi. Niliona kitu cha mviringo. Kizima. Kina uzito. Ukingo wa chini unawaka, na kwenye mpaka wa mwanga na giza kuna mikwaruzo na mashimo, vivuli vya milima, milima kweli, inapigwa na jua sasa hivi wakati mimi nimesimama karibu na kamba ya nguo. Na ndani ya bakuli, pale ninapojua hakuna kitu, kulikuwa na mwezi wote uliobaki. Hafifu sana, rangi ya majivu, lakini upo. Ukishauona kwa darubini unauona hata kwa macho matupu, na unashangaa uliwezaje kutouona.

"Ule weusi unaong'aa ni nini?" nikauliza. Nilinong'ona, sijui kwa nini.

"Ni mwanga wetu," akasema Mwalimu Hamisi.

Nikamwambia sielewi. Akanieleza taratibu. Jua linapiga dunia, bahari na mawingu vinaurudisha mwanga juu, unafika mwezini, unaangaza ile sehemu ambayo jua halijaifikia. Kisha unarudi tena hadi kwenye jicho lako. Mtu akiwa kule usiku huu, akasema, anatuona sisi wakubwa na weupe, na anaweza kutembea kwa mwanga wetu bila taa.

Mwanga wetu. Kwamba dunia hii, yenye Lindi ndani yake na joto lake lote, inawaka juu ya kichwa cha mtu mwingine. Nilisema Subhanallah nikarudia, na safari hii halikuwa neno la mdomoni tu. Nilihisi ardhi chini ya ndala zangu kwamba nayo iko angani. Tuko angani. Tumekuwa angani siku zote, tunapika, tunasahihisha madaftari, tunagombana na mama zetu.

Na ndipo nikakumbuka lile duara la uzi wa majivu.

Halikuwa moshi. Halikuwa doa. Yule msichana wa Miteja, bila darubini na bila kitabu, alikuwa ameliona, na alikuwa amelishona kwa mshono mwepesi mwepesi kwa sababu ndivyo linavyoonekana. Na mimi nililivuta uzi kwa uzi nikalitupa kwenye ndoo ya takataka.

Nikamgeukia. Alikuwa bado mlangoni.

"Wewe hukuwahi kuuangalia?" akaniuliza. Mimi. Si paka.

"Sikuwahi, mama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akatikisa kichwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu, na Mwalimu Hamisi naye akacheka kwa adabu, akisingizia anakohoa. Sijawahi kufurahia kuchekwa kama leo.

Mgeni alipoondoka tukaingia ndani, nikalitandika shuka mezani chini ya taa. Nikafumua mwezi wangu. Ule ulikuwa rahisi kufumua, haukuwa na mizizi. Nilimwambia mama nitaushona wake upya lakini sikumbuki ulikuwaje, nilifumua bila kutazama. Akasema neno moja la Kimatumbi ambalo silitafsiri hapa, mwezi huu ni mtukufu. Kisha akaishika taa ya mezani akaiinamisha hadi karibu na kitambaa.

Kumbe kitambaa hakisahau. Pale palipokuwa na uzi miaka yote hiyo marekani imebaki nyeupe zaidi, na kila mahali sindano yake ilipopita kuna kitundu. Mamia ya vitundu. Ukiangaza kutoka pembeni, mwezi wote wa mama uko pale, umelala kwenye bakuli lake, na watu wawili ndani.

"Fuata," akasema.

Nikatunga uzi wa manjano. Nikaanza na ukingo wa chini. Mwanzoni mkono wangu ulitaka kunyoosha, mama anashona kwa hatua fupi na ndefu kama mtu anayechechemea, mimi nimezoea kushona sawasawa kwa ajili ya kuwapa wanafunzi maksi. Baada ya muda nikaacha kubishana na vitundu. Sindano ikawa inajua inakwenda wapi. Nilikuwa nashona kwa mkono wa mama yangu, akiwa kijana kuliko nilivyo mimi sasa, na mwenyewe amekaa pembeni yangu ananielekeza kwa kidole.

Nikamaliza kipande cha ukingo, nikaenda kutafuta njia ya watu. Wa kwanza alikuwa mwepesi: chimni, mabega, miguu imening'inia. Wa pili alinishinda. Matundu yake yalikuwa mengi kupita kiasi. Mgongoni alikuwa na kitu, umbo dogo lililojikunja kama korosho, limezungushiwa mistari miwili inayopita kifuani.

Nikatabasamu. Nikasema, "Mama, na mtungi wa hewa uliujuaje? Redio iliwaambia?"

"Mtungi gani?"

"Huu. Wanabebaga mgongoni, wa kupumulia. Kwenye kitabu upo."

Akaweka kidole juu ya vile vitundu, akakizungusha mara moja.

"Huo si mtungi," akasema. "Huyo ni wewe."

Nilikuwa nimeshika sindano hewani.

"Huyu wa kwanza ndiye yule aliyesemwa redioni," akaeleza, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza jinsi ya kuunga mchicha. "Huyu wa pili ni mimi. Watu wakubwa wote pale dukani wanasema tumefika, tumefika. Nami nikasema haya, twende. Ulikuwa na miezi minne, unanyonya. Ulitaka nikuache na nani?"

Nimelia. Naandika hivyo hivyo, nimelia juu ya shuka mpaka mama akalivuta nisililoweshe. Nilikuwa nimemfumua mama yangu, na nilikuwa nimejifumua mwenyewe, kwa mkasi wa kukatia kucha, ili watu nisiowajua wasinicheke.

Isha iliadhiniwa kitambo, kushona kumetuchelewesha. Yeye anatawadha, mimi namalizia hapa. Mwezi hautakuwa umekwisha kesho asubuhi, duara la majivu peke yake linataka siku mbili, na uzi wa rangi ile sijui nitaupata wapi. Nimeamua. Vitambaa vyangu vitano vitapanda gari. Shuka la mama haliendi kesho. Nitampigia yule dada nimwambie ukweli, kwamba nililiharibu kwa sababu ya haya, na kwamba akitaka kulisubiri litafuata kwa basi. Asipotaka, katikati ya ukuta wake pabaki patupu.

Usiku huu nashona kimoja tu, kile kidogo cha mgongoni. Nimehesabu matundu yake, ni kumi na tisa.

Kabla hajaenda kwenye maji nilimuuliza jambo la mwisho, maana mimi kama fundi lilikuwa linanisumbua. Wewe una chimni kichwani, mwenzako ana chimni. Mtoto mbona hana? Kule hakuna hewa, mama.

"Nilikufunika kanga," akasema.